Mstari wa Kijani Upande wa Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mstari. Mwembamba kama uzi wa kushonea, wa kijani, umesimama wima upande wa kulia wa TV yangu, juu mpaka chini. Jana haukuwapo. Nimeuona jioni wakati wa habari, umempita msomaji kwenye sikio.

Na niandike vizuri: TV yangu. Si ya nyumba hii. Niliagwa nayo wodini siku niliyostaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya unesi, kumi na miwili ya mwisho nikiwa metroni. Nilipohamia kwa mwanangu nilikuja na vitu viwili vya maana, TV na kitanda. Kitanda mkwe wangu alikiona kikubwa mno. TV hakuiona kubwa.

Asubuhi nimeifuta kama kawaida — Jumatatu, Jumatano, Jumamosi, kabla ya chai. Maji na spiriti kwenye chupa ya kupuliza, kitambaa safi, juu kwenda chini, bila kurudi ulikotoka. Ndivyo tulivyofuta kila kitu wodini. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Mkwe alijaribu mara moja, na kitambaa kikavu! Anahamisha vumbi kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimnyang'anya.

Sasa mstari umetoka wapi? Mimi najua ulikotoka. Aliyeuleta ana miaka tisa na hana breki.

Jumanne, 4 Machi

Panzi. Hilo ndilo jina nililompa binti wa mkwe wangu, maana hatembei, anaruka. Alikuja na mama yake, mwanangu akawapokea wote wawili kama mtu aliyenunua redio akapewa na antena. Baba yake mtoto yuko hai, ana nyumba, ana mke mwingine. Sijapata kuelewa kwa nini mtoto asikae huko.

Ana mpira wa plastiki. Mama yake akiwa zamu — anafanya mapokezi hotelini, leo asubuhi, kesho mchana — mtoto anaudundisha sebuleni. Nimemkataza mpaka koo limekauka.

Mistari sasa ni minne. Nimefuta tena mara mbili, nikidhani labda ni uchafu. Si uchafu. Kufikia jioni ilikuwa saba, mingine ya zambarau.

Nimemwambia mkwe kwamba mtoto wake ameipiga TV yangu mpira. Akasema labda imezeeka tu, Mama. Nikamwambia kilichozeeka humu ndani ni subira yangu. Akacheka. Alidhani natania.

Alhamisi, 6 Machi

Nusu imekwenda! Upande wote wa kulia ni weusi, na mistari michache inayocheza. Kushoto picha safi. Sauti nzima. Jana waziri alihutubia nusu ya meza.

Mwanangu akamleta fundi wa kona, yule mwenye kibanda karibu na duka la dawa. Hakuifungua. Hakuja hata na bisibisi. Akawasha, akazima, akawasha, akaichapa makofi mawili ya mgongo — kofi, TV yangu — akatangaza kwamba kioo kimekufa. Kimegongwa hiki. Dawa yake ni kununua nyingine, na kwa bahati nzuri yeye anazo mbili kibandani.

Mtu wa namna hii siku nyingine ningemtoa mbio. Daktari gani anaandika dawa bila kumshika mgonjwa? Lakini amesema kimegongwa. Nikamwongezea chai.

Alipoondoka nikamweka mwanangu chini. Nimemwambia sitakaa nyumba moja na mtoto anayevunja halafu anakana. Aende kwa baba yake. Ama yeye, ama mimi. Mwanangu akatazama vidole vyake vya miguu, tabia ya tangu chekechea. Akasema hatuna hakika, Mama. Nikasema basi itafutwe hakika. Akakubali: ikithibitika ni Panzi, ataondoka.

Mkwe alikuwa mlangoni na trei. Alisikia yote. Hakuangusha hata kijiko, kwa hilo namsifu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeifuta. Ile nusu iliyokufa pia. Wodini hata maiti tuliziosha.

Kisha nikamwita Panzi chumbani kwangu. Yeye kwenye kiti kidogo, mimi kitandani, mlango wazi. Kuhoji nakujua. Kipimajoto kikivunjika wodini sikupiga kelele. Niliuliza swali lilelile kwa sauti ileile mpaka mtu achoke. Uliipiga TV? Hapana, Bibi. Jumapili mpira ulikuwa wapi? Nje. Nani alikuona nao nje? Hakuna. Basi uliipiga TV? Hapana, Bibi. Nusu saa. Akaanza kufuata mistari ya vigae kwa dole gumba la mguu. Nikamwambia akisema kweli mambo yote yataisha, na mama yake ataacha kulia jikoni.

Dole gumba likasimama. Halafu: ndiyo, niliipiga.

Nikamwambia vizuri, nenda kanawe uso.

Nimeshinda. Mchana nimekula sahani mbili.

Jumapili, 9 Machi

Amerudia mbele ya wote. Mama yake akamuuliza aliipiga na nini. Mpira. Wapi? Pale. Akaonyesha katikati ya kioo, mahali ambapo hakuna tatizo lolote. Mtoto hajui hata kulenga, nikawaza.

Mkwe aliinuka. Alikusanya vyombo, akaviosha, akavifuta, akaviosha tena. Mwanangu akampigia simu baba yake mtoto. Atakuja kumchukua Jumapili ijayo.

Nyumba kimya. Hakuna anayeruka.

Jumanne, 11 Machi

Fundi mwingine. Mwanangu alielekezwa kwake kazini, akamwita aje atuambie kama inatengenezeka au tununue mpya. Ni mwanamke, mnene, kucha fupi, begi la vifaa safi kuliko la madaktari niliofanya nao kazi. Mwanangu kazini, mkwe zamu, Panzi shule. Tulikuwa mimi na yeye tu.

Huyu anajua kazi. Wa kona akajifunze kwake! Kabla ya kugusa chochote aliuliza: ilianza lini, ilianza na nini, ilienea haraka au polepole, inazidi wakati gani. Anachukua historia ya mgonjwa. Nilijibu kama niko raundi na daktari mkuu. Nilijisikia kijana.

Akavuta pazia, akamulika tochi kwenye ile nusu nyeusi, kichwa upande. Nikauliza anatafuta nini. Akasema taa za nyuma zikifa picha bado inakuwepo, ukimulika unaiona kwa mbali. Hapa taa zinawaka. Picha ndiyo haifiki. Kisha akapitisha kiganja juu ya kioo chote, taratibu, kama mkunga anavyopapasa tumbo.

Hiki hakijagongwa, akasema.

Nikamwambia kimegongwa, fundi, mtoto mwenyewe amekiri.

Akasema kikigongwa kinapasuka kwa ndani, hata kama nje unakiona kizima. Ukiwasha unaona nyufa kama utando wa buibui, na doa jeusi kama wino uliomwagika. Hapa hakuna ufa hata mmoja. Labda mtoto amekiri kitu kingine, mama.

Akatandika blanketi mezani, akailaza kifudifudi, akafungua skrubu kumi na nne na kuzipanga ndani ya kifuniko cha kopo. Ndani kuna kibao kidogo kinachogawa picha, na tepe mbili bapa, moja inapeleka picha kushoto, nyingine kulia. Akamwinua mgonjwa, akachomoa tepe ya kulia, akawasha: kushoto safi. Akairudisha, akachomoa ya kushoto: giza na mistari. Akazibadilisha, akapima kwa mita, akaguna. Kibao kizima. Ugonjwa uko chini, kwenye kioo chenyewe.

Akabandua fremu ya chini kwa kadi ya plastiki. Akaniita nisogee. Nikavaa miwani.

Kwenye ukingo wa chini kuna vitepe vyembamba, vimegandishwa kwenye kioo kimoja kimoja. Vya kushoto vinang'aa. Vya kulia vimeota ukungu mweupe na kijani, kama bomba lililoshika kutu. Akakwangua kidogo kwa ukucha. Akanusa.

Mnaifuta na nini? akauliza.

Nikavua miwani. Akaendelea mwenyewe, bila ubaya wowote. Maji yanateremka kwenye kioo, yanaingia ndani ya fremu, hayana pa kutokea. Yakichanganywa na spiriti ni balaa zaidi, yanakula gundi. Si ya siku moja hii, akasema, ni ya miaka. Anayeifuta ana bidii kweli. Anapuliza, anaanza juu anashuka, anamalizia pembe ya kulia.

Nikasema kulikuwa na binti anatusaidia kazi, ameshaondoka.

Hatujawahi kuwa na binti wa kazi.

Akatoa njia mbili. Ya kwanza, asafishe vitepe na kuvibana upya. Picha inaweza kurudi, ya wiki au ya miezi, haweki ahadi. Ya pili, kioo kipya, ambacho kwa TV ya umri huu kukipata ni shida, na ukikipata ni kama umenunua TV nyingine. Ingekuwa yake, asingeitesa. Angenunua mpya. Halafu akachukua karatasi akaandika, bila mtu kumwomba: Unyevu kwenye ukingo wa chini. Haijagongwa. Na sahihi. Ili huyo mtoto asisumbuliwe bure, akasema.

Nilimpenda na kumchukia hapohapo. Karatasi iko humu, kati ya kurasa.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi mkono ulishika chupa wenyewe. Jumatano. Nikasimama mbele ya TV, chupa mkononi, kama nimepotea njia. Mwisho nikaenda kufuta dirisha. Nikatazama matone. Yanakwenda chini. Ulitaka yaende wapi, mpumbavu wewe.

Jioni mwanangu akauliza fundi amesemaje. Nikasema kioo kimekwisha, inunuliwe mpya. Si uongo. Mkwe akauliza, macho kwenye sahani, kama fundi ameona palipogongwa. Nikamwambia yule ni fundi, si polisi. Hakuuliza tena. Mtoto ameshakiri, nani aendelee kuuliza?

Panzi aliniletea maji ya kunywea dawa. Sikumtuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewawaza wote waliokiri mbele yangu kwa miaka kumi na miwili. Vipimajoto, dawa zilizopotea, shuka zilizounguzwa na pasi. Nilikuwa najisifu kwamba hakuna aliyewahi kunikatalia zaidi ya saa moja. Leo najiuliza wangapi walikuwa wamechoka tu.

Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

TV mpya imefika. Kubwa kuliko yangu, bapa kama trei, mwanangu ameitundika ukutani na kuiwasha. Wamekaa wanaitazama kama watu walio kwenye foleni. Yangu imeegemezwa koridoni, uso ukutani, inasubiri mtu wa vyuma chakavu.

Nimepanga hoja zangu zote, kama nilivyokuwa nazipanga kabla ya vikao. Nikisema, nitabaki nani hapa? Tayari wananitazama nikisahau jiko. Tayari mkwe anahesabu vidonge vyangu kwa macho. Nikisema TV niliiua mwenyewe, kwa usafi, miaka yote, huku natukana watu — kesho watanikataza jiko, keshokutwa watanikatia kucha. Halafu mtu ataleta wazo la nyumba ya wazee, na atalileta kwa upole. Na mtoto si anakwenda kwa baba yake mzazi? Hatupwi jalalani. Ana kitanda huko. Nimezipanga vizuri sana na hakuna hata moja inayosimama.

Nilimkuta mkwe anakunja sare za shule. Sijui nilitaka nini. Nikamwambia utakwenda kumwona mwisho wa wiki, si mbali. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akasema: Mama, umetaka aondoke, anaondoka. Kunifariji usinifariji.

Nikamjibu kwamba angemlea vizuri tusingefika hapa. Ndiyo, nilisema hivyo. Kinywa changu kilikwisha sema kabla sijakifikia. Yeye akaendelea kukunja.

Nimerudi chumbani nikalia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimelia kwa aibu, na nimelia kwa hasira pia, maana hata sasa namchukia Panzi. Zamani nilimchukia kwa makosa yake. Sasa namchukia kwa kuwa hana kosa.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna cha kufuta. Nimekunywa chai mapema.

Nilikwenda mpaka mlango wa chumba cha mwanangu na karatasi mfukoni. Alikuwa anapiga pasi shati, anapiga mluzi kidogo. Amekonda. Akauliza unataka kitu, Mama? Nikasema nataka kujua kama umekula. Alikuwa amekula.

Jumapili, 16 Machi

Saa nne asubuhi. Baba yake Panzi amefika. Nimetoka, nimemsalimia, nimerudi chumbani, nimesema kichwa kinaniuma. Milango ya nyumba hii ni mbao nyepesi. Nasikia kila kitu.

Nilimtarajia mlevi au mpiga kelele. Ni mtu mwembamba anayeongea polepole. Na kazi yake — kati ya kazi zote za dunia hii! — anakagua magari yaliyogongwa, kwa ajili ya kampuni ya bima. Anatazama bodi zilizobonyea kutwa nzima na kuamua nani anasema kweli.

Alipita koridoni kwenda kunawa mikono, akaiona TV yangu. Ameigeuza, na amekaa huko muda mrefu. Sasa amemwita Panzi. Anamuuliza alisimama wapi. Mpira ulitoka upande gani. Uliruka kwanza chini au ulikwenda moja kwa moja. Hakuna ukali, ni kama anajaza fomu. Panzi anajibu yote. Alisimama mlangoni. Hapana, alikuwa kwenye kochi. Mara moja. Mara mbili. Hapa. Au hapa.

Nasikia anaiegemeza TV ukutani tena.

Anasema mtoto ni wake, chumba chake kipo, kumchukua atamchukua hata leo na kwa furaha. Lakini hatamtoa hapa na kosa ambalo yeye halielewi. Hiki kioo hakina alama. Anaomba bibi aje amweleze alichokiona.

Mwanangu anagonga. Mama. Njoo mara moja tu, Mama.

Nimesema nakuja. Nimevaa viatu. Karatasi ya fundi nimeitoa, nimeirudisha, nimeitoa.

Mkwe anasema jambo, kwa chini, sijalisikia. Yule mtu anauliza: bibi alimwona kwa macho yake? Anauliza tena. Mwanangu anagonga, safari hii kwa kiganja.

Na Panzi, haraka haraka, sauti imepanda juu: Mwacheni Bibi, kichwa kinamuuma. Nimeshasema ni mimi. Twende tu, Baba.

Mwanangu ameacha kugonga. Zipu ya begi. Mtu anaburuta kitu koridoni. Mkwe anamuuliza mtoto kama ameweka sweta, anasema ameweka. Wanakwenda mlangoni, nawasikia, wamefika kwenye mkeka, anavaa viatu, karatasi iko mkononi, nimesimama kabisa, na bado naandika